Neno Ubepari na Safari Zake: Kutoka Mbarara Hadi Nakivale

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hupata bahati ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Mombasa haipati kwa urahisi: wanafunzi wake humrudishia maneno aliyowapa yakiwa yamebadilika sura. Mwaka 2019 tulikuwa tukisomesha msamiati wa uchumi kwa darasa la watu wazima katika eneo liitwalo Base Camp. Tuliandika ubaoni maneno manne, yaani mtaji, mshahara, faida na ubepari, tukayaeleza kama tulivyoelezwa sisi chuoni. Ubepari, tulisema, ni mfumo ambamo njia kuu za uzalishaji mali humilikiwa na watu wachache, na walio wengi huuza nguvu zao ili wapate kuishi. Mama mmoja mwenyeji wa Kivu, muuza vitenge, akasimama kwa adabu akauliza: "Mwalimu, mimi nina meza moja sokoni, na yuko kijana anayenibebea mizigo, namlipa kwa siku. Lakini alfajiri, kabla ya kufungua meza, nalima shamba la Mnyankole kwa malipo. Je, mimi niko upande gani?" Darasa lilicheka. Sisi hatukuwa na jibu, tukaahidi kulileta juma lililofuata. Makala haya ni sehemu ya jibu hilo, nalo limechelewa sana.

Hatukusudii kuwafundisha wasomaji elimu ya uchumi, kwani stashahada yetu ni ya ualimu wa lugha na wala hatudai zaidi ya hapo. Tunalokusudia ni kuangalia jinsi wanavyuoni walivyoueleza ubepari na mabadiliko yake, kisha tuyapime maelezo yao kwa historia ya kipande hiki kimoja cha nchi, yaani mji wa Mbarara na makazi ya Nakivale yaliyo umbali wa karibu kilomita 60 kutoka mjini. Mwalimu anayelitamka neno mbele ya darasa anawajibika kwa maana yake, hata kama neno lenyewe ni zito kuliko mshahara wake.

Tuanze na neno, maana ndiyo kazi yetu. Bepari limetujia kutoka lugha za Bara Hindi, na huko maana yake ni mfanyabiashara tu, asiye na sifa mbaya wala nzuri. Tajiri limetoka Kiarabu, na huko nako ni mfanyabiashara. Kwa hiyo Waswahili walikopa dhana moja mara mbili, kutoka pande mbili za Bahari ya Hindi, na maneno yote mawili yakahama: tajiri akawa mwenye mali nyingi, na bepari akawa mnyonyaji. Uhamaji huu wa pili ulikamilika katika siasa za Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati redio na magazeti yalipojaa kupe na mirija. Yafaa pia kulitazama neno kibarua, ambalo kwa maoni yetu lina historia nzima ndani yake. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa huko pwani ili kionyeshe kazi aliyoifanya. Baadaye jina la karatasi likaihamia kazi, kisha likamhamia mtu mwenyewe. Mtu akaitwa kwa jina la cheti cha malipo yake! Karl Marx aliandika kurasa nyingi sana kueleza jinsi uhusiano wa watu unavyovaa sura ya uhusiano wa vitu, na wapagazi wa bandarini walikwisha kulisema jambo hilo kwa neno moja.

Chuoni, ng'ambo ya Mto Kagera, tulifundishwa historia kama ngazi. Chini kabisa palikuwa na ujima, kisha utumwa, kisha umwinyi au ukabaila, kisha ubepari, na juu ya ubepari palikuwa na ujamaa ukitungoja. Tuliikariri ngazi hiyo tukafaulu mitihani. Tulipokuja kusoma zaidi tukagundua kwamba mwenye ngazi mwenyewe hakuwa na uhakika nayo kama walivyokuwa walimu wetu. Marx alitoa juzuu la kwanza la kitabu chake Mtaji mwaka 1867, na humo alieleza kwa kirefu jinsi wakulima wa Uingereza walivyong'olewa katika ardhi yao kwa nguvu na kwa sheria mpaka wakabaki na mikono tu ya kuuza. Lakini mwaka 1881, Mrusi aliyeitwa Vera Zasulich alipomwandikia kumwuliza kama kila taifa lazima lipite njia hiyo, Marx alijibu kwamba ulazima alioueleza ulihusu nchi za Ulaya ya Magharibi. Barua hiyo ni fupi, na ingeliwaokoa wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki na kazi ya kuwatafuta mamwinyi mahali ambapo hawakuwapo.

Ankole ni mfano mzuri wa taabu hiyo. Je, ufalme wa Nkore ulikuwa wa kimwinyi? Kalervo Oberg, aliyeandika juu ya Ankole mwaka 1940, aliwaona Wahima wafugaji kuwa washindi waliotawala, na Wairu wakulima kuwa watwana wao. Samwiri Karugire, katika historia ya Nkore aliyoitoa mwaka 1971, aliipinga picha hiyo na kukataa kwamba Wairu walikuwa watwana. Martin Doornbos naye, katika kitabu chake cha mwaka 1978, alionyesha jinsi utawala wa Kiingereza ulivyoukaza na kuupa sheria ukosefu wa usawa uliokuwapo. Sisi tunaelekea upande wa hawa wawili wa mwisho. Mtu akiingia na ngazi mkononi, ataiegemeza mahali popote penye ukuta.

Tunaloweza kulisema bila shaka ni kwamba Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901 ulileta kodi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haioti shambani. Aliyetaka kuipata ilimpasa auze kitu: ng'ombe, na ng'ombe wengi walikuwa wamekufa kwa sotoka miaka kumi kabla ya hapo, au mazao, na soko lilikuwa mbali, au siku zake za kazi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, pamba ikaanza kulimwa Buganda muda mfupi baadaye, na wafanyabiashara wa Kihindi mfano wa Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, wakafungua maduka sehemu nyingi za Uganda. Buganda ikawa nchi ya pamba, baadaye ya kahawa pia. Ankole, Kigezi na Rwanda zikawa nchi za kutoa watu. Njia ya kusini-magharibi waliyopita vibarua kwa miguu ilipita Mbarara kuelekea Masaka, na kitabu kilichohaririwa na Audrey Richards mwaka 1954 kinaeleza habari za wahamaji hao kwa kirefu. Wengi wao walikuwa Wanyarwanda waliokimbia kazi za shokoa na njaa katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji.

Hapa panahitaji kutuliwa kidogo. Katika maelezo ya Marx mfanyakazi wa kibepari yuko huru mara mbili: yuko huru kwa kuwa si mtumwa wa mtu, na yuko huru kwa kuwa hana ardhi wala nyenzo za kumshika. Kibarua wa njia ya Mbarara alikuwa huru mara moja na nusu. Alikuwa na shamba kwao, na mke alikuwa akililima shamba hilo alipokuwa yeye hayupo. Kwa sababu hiyo mwajiri wake aliweza kumlipa ujira usiotosha kulisha familia, kwani familia ilikuwa ikilishwa na jembe la mama. Ubepari haukuuondoa mfumo wa zamani. Uliuegemea, ukala mazao yake. Walter Rodney, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoirudisha nyuma Afrika, alichokiandika akiwa Dar es Salaam, aliliweka jambo hili katika uwanja mpana wa dunia: utajiri wa kule na umaskini wa huku ni mambo mawili ya safari moja. Hoja yake ina nguvu hata leo. Lakini ukiisoma ukiwa Mbarara unabaki na njaa kidogo, kwa kuwa ndani ya Ankole kwenyewe watu hawakuathirika sawasawa. Wapo Wairu walioingia shule za misheni wakapanda kahawa, wakapata fedha na sauti. Katika miaka ya 1940 wakaanzisha harakati za Kumanyana kudai haki zao, na baadaye wakulima wakajenga vyama vya ushirika. Nani alipanda na nani alishuka? Rodney hakuwa na nafasi ya kulijibu hilo.

Aliyelijibu zaidi ni Mahmood Mamdani, na maisha yake yanastahili kutajwa katika makala yanayohusu Nakivale. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mamdani, aliyekulia Kampala, alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa, akaishi katika kambi ya wakimbizi huko London na kuandika kitabu juu ya safari yake ya kutoka uraia hadi ukimbizi. Kutoka huko akaenda kufundisha Dar es Salaam. Mwaka 1976 akatoa kitabu chake kuhusu siasa na kuundwa kwa matabaka katika Uganda, ambamo alieleza jinsi ukoloni ulivyowapa Wahindi nafasi ya biashara na Waafrika nafasi ya jembe, na jinsi tabaka dogo la Waafrika wenye mali lilivyokua katika vyama vya ushirika na ofisi za serikali likigombea nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mmoja wa wachambuzi wakubwa wa ubepari wa Uganda alikuwa mkimbizi alipokuwa akijiandaa kuandika. Wanafunzi wetu wa Nakivale hulipenda jambo hilo kuliko hoja zote za kitabu.

Wakati ule Dar es Salaam palikuwa na mjadala mkali. Issa Shivji, naye mwaka 1976, alisema kwamba nchini Tanzania waliotwaa mamlaka ya uchumi ni tabaka la warasimu, yaani wakubwa wa serikali na mashirika ya umma. Dan Nabudere, mwanasheria wa Uganda aliyetoa kitabu juu ya ubeberu mwaka 1977, alimpinga: mtawala wa kweli ni mtaji wa mabenki ya nchi kubwa, na hao warasimu ni makarani tu. Maandishi ya mjadala huo yalikusanywa na Yash Tandon katika kitabu cha mwaka 1982. Tunasikitika kwamba mjadala huo, uliofanyika katika mji wa Waswahili na kuhusu maisha ya Waswahili, uliendeshwa karibu wote kwa Kiingereza. Kazi ya kuufikisha kwa mwananchi ilibaki mikononi mwa walimu wa lugha, nao wakapewa ile ngazi.

Huku Uganda maduka yaliyoachwa na Waasia yaligawiwa askari na jamaa zao, na wananchi wakawapa matajiri hao wapya jina la mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi hukunja uso alisikiapo, kwani upatanisho wetu unataka mafuta mengi. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na ni balaa lililotukuta walimu kwamba mwaka huo huo wa fahari yetu lugha ilikuwa midomoni mwa watu wa mafuta mingi na wa magendo. Aibu hiyo tunailipa mpaka leo darasani. Kwa mwanahistoria, hata hivyo, neno hilo ni hazina: linaonyesha kwamba mwenye duka akibadilishwa, duka halibadiliki kwa hilo. Bidhaa ziliisha rafuni, magendo yakashika nafasi ya soko, kisha mwezi wa Februari 1979 majeshi ya Tanzania yakaingia Mbarara katika vita ya kumwondoa Amin, na majengo mengi ya mji yakabomolewa.

Wapo wanavyuoni wengine tunaopaswa kuwapitia haraka. Max Weber, Mjerumani aliyeandika mwaka 1904 na 1905, alidai kwamba roho ya ubepari wa Ulaya ilipata nguvu katika maadili ya Waprotestanti walioona kazi na kubana matumizi kuwa wito wa Mungu. Hapa kwetu Walokole, yaani Wakristo wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Kigezi katika miaka ya 1930, waliacha pombe, walirudisha walivyoiba, walizipenda nyumba safi na daftari sahihi za hesabu. Weber angelifurahi kukaa nao. Lakini hatukuona kwamba Ulokole peke yake ulimtajirisha mtu pasipo ardhi. Joseph Schumpeter, katika kitabu cha mwaka 1942, alisema kwamba ubepari huendelea kwa kubomoa ulichokijenga jana ili upishe kipya. Anayetaka kumwelewa na aende kwenye matangi ya kupozea maziwa nje ya mji wa Mbarara. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu, aliyekuwa heshima, mahari na shairi la mchungaji, anaondoka malishoni akimpisha ng'ombe wa madoa meusi na meupe, mwenye pembe fupi au asiye nazo kabisa, kwa kuwa huyu hujaza ndoo. Tangu serikali ilipolegeza soko la maziwa katika miaka ya 1990, Mbarara imekuwa kitovu cha viwanda vya maziwa. Mzee mmoja mfugaji alituambia kwamba ng'ombe wa sasa hana jina, ana lita.

Jambo la ardhi, hata hivyo, halipitwi haraka. Katika miaka ya 1960 serikali ya Uganda, kwa msaada wa Marekani, iliigawa sehemu kubwa ya malisho ya Ankole na Masaka kuwa ranchi, kila moja yenye ukubwa wa karibu maili tano za mraba. Waliopewa walikuwa watu wenye vyeo na mali. Wafugaji wa kawaida waliokuwa wakihama na mifugo yao wakageuka maskwota katika nchi ya babu zao. Mwezi wa Oktoba 1982 watu walioitwa Wanyarwanda, wengi wakiwa raia au wazaliwa wa Uganda, walifukuzwa majumbani mwao katika wilaya ya Mbarara. Ng'ombe na mashamba yao yakachukuliwa, wao wakakimbilia Rwanda au katika makazi ya Nakivale na Oruchinga. Mwaka 1983 eneo la Ziwa Mburo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa na wafugaji wakatolewa. Mwaka 1990 maskwota na wenye ranchi wakapambana, mpaka serikali ikalazimika kuzigawa upya ranchi hizo. Tukisoma sura za Marx juu ya wakulima wa Uingereza baada ya kuyajua haya, hatuhitaji ramani ya Uingereza. Lakini tofauti moja ipo, nayo ni kubwa: wale wa Uingereza walioondolewa shambani walikuja kupokewa na viwanda. Hawa wa kwetu walipokewa na makazi ya wakimbizi.

Na hapo ndipo tunapofika Nakivale kwenyewe. Makazi haya yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Wengi wao walirudi Rwanda baada ya mwaka 1994, na nafasi zao zikajazwa na wengine: Wanyarwanda wapya, Wakongo, Wasomali, Waethiopia, na baada ya mwaka 2015 Warundi wengi. Leo wamo watu zaidi ya 150,000, na lugha inayowaunganisha sokoni ni Kiswahili, kingi kikiwa cha Kivu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri, na serikali huwapa familia kiwanja cha kujenga na kulima. Kiwanja hicho ni cha kutumia, si cha kuuza.

Karl Polanyi, Mhungaria aliyekuwa uhamishoni yeye mwenyewe alipotoa kitabu chake kikuu mwaka 1944, alisema kwamba kuna vitu vitatu ambavyo soko hujifanya kuviona kama bidhaa ingawa havikutengenezwa viuzwe: ardhi, kazi ya binadamu, na fedha. Kuvitia vitu hivyo sokoni, alisema, ni kuitia jamii yenyewe sokoni, na jamii hulazimika kujikinga. Hatujaona mahali penye kuyadhihirisha maneno hayo kama Nakivale. Ardhi haiuzwi, lakini hukodishwa kwa msimu, na viwanja vimekuwa vikipungua ukubwa kadiri watu wanavyoongezeka, huku wenyeji wa Isingiro nao wakidai sehemu za nchi hiyo kuwa zao. Kazi huuzwa kila alfajiri. Huku kwetu kazi ya kulima kwa kutwa huitwa lejaleja, na sikio la mwalimu wa Kiswahili husikia humo neno rejareja. Tulipowauliza wanafunzi maana yake walijibu bila kufikiri: ni kujiuza kidogo kidogo, kama sukari kwa vijiko. Mwingine akaongeza usemi unaojulikana na wengi, kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Tulimwambia kwamba Marx asingeukubali usemi huo, kwa sababu kwake yeye nguvu si mtaji mpaka zinunuliwe na mwingine. Akatuuliza kama Marx alipata kulima kwa kutwa.

Kati ya wataalamu wa siku hizi, waliofika hapa na madaftari ni kundi la Chuo Kikuu cha Oxford lililoongozwa na Alexander Betts, ambalo lilifanya utafiti Kampala, Nakivale na Kyangwali, likatoa ripoti mwaka 2014 na kitabu mwaka 2017. Wanasema kwamba mkimbizi si mzigo wala si mtu wa kungoja msaada tu. Ni mtu wa soko. Mjini Kampala, katika kila wakimbizi 100 waliowachunguza, 21 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kati ya hao walioajiriwa asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Mtu aliyewahi kutembea katika masoko ya Nakivale, akaona maduka ya Wasomali na vitenge vya Wakongo na malori yanayokuja kuchukua mahindi, hawezi kuwabishia. Tunawashukuru kwa kuwaheshimu watu hawa. Mwaka 2015, hata hivyo, wanavyuoni watatu wa Kanada, Suzan Ilcan, Marcia Oliver na Laura Connoy, waliandika juu ya Nakivale hiyo hiyo wakionya kwamba sera ya kujitegemea, ambayo Uganda na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa waliianza mwaka 1999, inaweza kuwa njia ya kumtwisha mkimbizi jukumu ambalo hana uwezo nalo. Wote wawili wameitazama meza ile ile ya vitenge. Mmoja ameona mtaji, mwingine ameona kupunguzwa kwa posho.

Kwa maoni yetu, mtu anayetusaidia kuisoma meza hiyo ni Mfaransa Fernand Braudel, ingawa Nakivale hakuijua. Katika kitabu chake cha juzuu tatu, kilichokamilika mwaka 1979, aliuona uchumi kama nyumba ya ghorofa. Chini ni maisha ya kila siku, jembe na chungu. Katikati ni soko, ambako watu huuziana wakionana uso kwa uso na bei inajulikana. Juu, gizani, ndiko uliko ubepari hasa: wachache wanaoweza kuchagua biashara, kuhodhi, kungoja bei, na kuvuka mipaka. Kwa hesabu hiyo mama wa vitenge anaishi ghorofa mbili za chini kwa siku moja, na ya juu hajaikanyaga. Mahindi yakivunwa Nakivale, mkulima huyauza siku hiyo hiyo kwa kuwa ada ya shule haingoji. Mwenye ghala Mbarara au Kampala anaweza kungoja. Tukitakiwa tuseme bepari ni nani katika nchi hii, tungesema ni yule anayeweza kungoja, na kwamba kibarua, awe na kiwanja au asiwe nacho, ni yule asiyeweza. Hatujalikuta fasili hiyo katika kamusi yoyote, na tunawaomba walimu wenzetu waipinge kama ina kasoro. Mojawapo tunaiona wenyewe: yule kijana wa mizigo anamngoja mama, na mama humlipa jioni, akiuza.

Mwezi wa Machi 2020 madarasa yote nchini yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi uliofuata Shirika la Chakula Duniani lilipunguza posho za wakimbizi wa Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na mwezi wa Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Tulipopata ruhusa ya kurudi Base Camp tulikuwa na jibu letu kwenye daftari, kurasa sita. Waliohudhuria walikuwa nusu ya darasa. Wengine, tuliambiwa, siku hizi hulima asubuhi na jioni pia, kwa sababu walio wengi wanatafuta lejaleja na malipo ya siku yameshuka. Meza ya vitenge ilikuwa pale pale sokoni, na nyuma yake alikaa yule kijana wa mizigo. Alikuwa ameinunua kwa mkopo, na vitenge vilikuwa vichache. Tulimwuliza habari za mama. Alisema yuko kwa Mnyankole, anafika huko kabla ya jua, na kwamba ametuachia maagizo: tukija tusome jibu letu kwa sauti darasani, naye atasimuliwa.

Tulilisoma.